Nshawaambia, buibui hashikwi: majibu ya maswali yenu

Haya, maswali ya tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, yamejaa, na nusu yake ni yale yale ya juzi, manake kuna watu hamsomi, mnauliza tu. Nimechagua machache, mengine nimeyatupa, hasa nyinyi mnaouliza bei.

SWALI: Ami, mi niko Barani, Malindi. Nataka tarantula wa kufuga, yule wa rangi ya chungwa wa TikTok. Nasikia hata huku kwetu wako, je nimchimbe mwenyewe ama kuna mtu anauza?

JIBU: Yule wa TikTok na huyu wa kwetu ni jamii moja, wataalamu wanamwita Pterinochilus murinus tangu 1897. Wa rangi ya chungwa ndo anayeitwa wa Usambara, wa kwetu Pwani ni rangi ya majani makavu na mgongoni ana mistari imetawanyika kama nyota. Na kule Ulaya na Marekani anauzwa kwa jina la Mombasa, yaani mji wetu umebandikwa kwenye kopo la dukani na sisi wenyewe hatuna habari.

Sasa hiyo ya kuchimba. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haisemi tembo na simba peke yake, mnyama wa porini wa asili ya hapa yumo, na buibui ni mnyama, bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, humuweki wala humuuzi. Najua utasema nani atanishika mimi kwa sababu ya buibui. Haya, 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, miaka 19, walishikwa Naivasha na chungu. Chungu wa kutembea, sio chungu cha wali! Walikuwa kama 5,000, wametiwa ndani ya vichupa na pamba ya maji, wakapelekwa kortini na hukumu ikawa faini ya shilingi milioni moja ama miezi 12 ndani. Walisema walikuwa wanajifurahisha tu, hawakujua sheria. Na wewe ukishikwa utasema nini, ati ulikuwa unatafuta laiki?

Halafu mkiambiwa hivyo mnasema tunanyimwa riziki. Hapo Gede watu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo tangu 1993 chini ya mradi wa Kipepeo, wanauza pupa, yaani kipepeo kabla hajatoka kifukoni, nje ya nchi na watoto wanasoma kwa pesa hiyo, tena kwa vibali na bila kuvunja msitu. Hizo ni pupa za vipepeo, sio pupa yenu nyinyi ya kufukua shimo leo ili upate hela kesho. Jike la tarantula linachukua miaka hadi kuzaa, ukimtoa yeye umetoa na wajukuu.

SWALI: Mzee wangu, tarantula amelala chali miguu juu tangu asubuhi, nimemgusa na kijiti hasikii. Nimtupe?

JIBU: USIMTUPE! Na hicho kijiti kivunje. Hili swali nimelijibu sijui mara ngapi, kuna bwana mmoja wa Muyeye aliniandikia akiwa keshamzika, na picha ya kaburi akanitumia, kaweka na vijiwe kuzunguka. Alimzika mzima jamani.

Nasema tena na iwe mwisho. Tarantula anayekufa halali chali, anakunja miguu chini ya tumbo kama ngumi, kwa sababu miguu yake hainyooki kwa misuli, inanyooshwa na presha ya maji ya mwilini, presha ikiisha inajikunja. Aliyelala chali anajivua ngozi. Inaweza kuchukua saa nyingi, anatokea mpya, laini, hata meno ni meupe. Wakati huo kama kuna nyenje hai ndani mtoe haraka, manake nyenje anaweza kumtafuna mwenye nyumba. Maji muwekee, chakula ngoja wiki moja au siku kumi mpaka meno yageuke meusi. Na usimpulizie, usimgeuze, usimwite. Sitakuuliza umempata wapi, lakini ujue nimeshaanza kujiuliza.

SWALI: Anaweza kunizoea nikawa namshika mkononi?

JIBU: Hapana. Hakujui na hatakujua, kwake wewe ni mti wenye joto. Akiruka kutoka mkononi mwako uliyesimama tumbo linapasuka kama yai, basi.

SWALI: Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mume wangu alikuwa bara, akanipigia simu ati "nakuletea buibui", nikafurahi nikijua Idi ndo hiyo inakuja. Kaja na kopo la maziwa ya unga limetobolewa matundu, kufungua nusura nizimie. Sasa anataka likae chumbani tunapolala na mtoto. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu pole, nimecheka halafu nikajizuia. Huyo bwana amekosa mara mbili na kosa la kwanza ndo kubwa.

Chumbani hapana, na mtoto hapana kabisa. Hawa wa Afrika si kama wale wa Amerika mnaowaona kwenye video wametulia mabegani mwa watu. Wale wa Amerika wengi wana manyoya ya kuwasha nyuma, ukimkera anayapangusa na miguu yanakurukia, ukiyapata machoni utajuta, lakini kuuma si haraka yake. Wa kwetu manyoya hayo hana, silaha yake ni meno na mbio, anainua miguu ya mbele kama anaomba dua, na hiyo si dua, anakuonya, onyo la pili ni meno. Mwambie bwana, kama amemchimba karibuni na anapakumbuka pale pale alipomtoa, amrudishe jioni jua likituwa, kopo alilaze mlangoni mwa shimo na yeye akae mbali. Akisema hapakumbuki basi awapigie KWS aeleze. Asimwache tu hapo kisiwani kwa kuwa mmechoka naye. Nyumba zenu na kuta zile nene za matumbawe zina nyufa za kutosha, hamtamwona tena na hamtalala tena.

Na buibui lako akununulie, la hariri.

SWALI: Nimemtilia mchanga wa ufuoni ndani ya kopo lakini anapanda ukutani tu hataki kushuka, ni nini?

JIBU: Chumvi. We ungekaa? Toa yote, tia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa, hapa Malindi makumbi yanatupwa bure na watu wanataka kuagiza vitu nje. Weka ya kina, anataka kuchimba. Maji pia angalia, visima vyetu vingi vina munyu, mpe ya kunywa mnayokunywa nyinyi, kwenye kifuniko cha soda.

SWALI: Chakula chake ni nini, naweza kumpa mende wa nyumbani?

JIBU: Mende, nyenje, panzi, mara moja kwa wiki yatosha, mkubwa anaweza kukaa hata mwezi na asilalamike. Lakini mende wa nyumbani ya nani? Nyumba ambayo hawajapuliza dawa iko wapi?

Hapa nitasema jambo langu. Nilikuwa na miaka kama ishirini, nikamchimba mmoja nyuma ya kwetu, nikamtia kwenye chupa kubwa ya peremende niliyoomba dukani, nikatoboa kifuniko na msumari wa moto. Nilikuwa naringa naye mtaa mzima, watoto wanalipa shilingi kuangalia. Ikaja mvua, mbu wakawa wengi, mama yangu akafanya wanavyofanya mama wote, akafunga madirisha akapuliza dawa chumba kizima, tukakaa nje nusu saa. Asubuhi nimekuta miguu yote minane imekunjwa, ngumi. Kwenye chupa alikuwa ametanda utando mweupe upande mmoja, mzuri kama kitambaa, nilikuwa sijauona mpaka siku ile nilipomwaga. Mama hakujua, mimi ndo nilikuwa nimemweka chumbani. Dawa ya mbu, ya mende, ile ya kuchoma ya kuzunguka, zote hazichagui, zinaua mwenye miguu sita na mwenye minane. Kwa hiyo ukiniuliza chakula, mimi nakuuliza kwanza kwenu mnapuliza nini.

SWALI: Ni guide hapa Malindi, mgeni wangu Mtaliano amebisha ati tarantula ni jina la kwao. Kweli ama ananichezea?

JIBU: Kweli, mpe haki yake. Kuna mji wao kusini unaitwa Taranto, na jina limetoka huko. Ila umwambie na wewe hili: buibui wa Taranto aliyepewa jina hilo mwanzo si huyu tunayemzungumza, ni wa jamii nyingine kabisa, mwindaji mdogo, watu wa zamani waliamini akikuuma lazima ucheze ngoma mpaka sumu itoke jasho, na ngoma yao ya tarantella wanaihusisha na hayo. Wazungu walipofika Amerika wakaona majibuibui manene yenye manyoya wakayabandika jina la nyumbani. Mwombe chai kwa habari hiyo.

SWALI: Kuna buibui bapa mkubwa kama kiganja ukutani chooni, anakimbia upande upande kama kaa. Tarantula?

JIBU: Siye. Anakula mende wako bure. Mwache.

SWALI: Akiniuma nikimbilie wapi? Jirani ana jiwe la nyoka, ati linanyonya sumu.

JIBU: Hilo jiwe arudishe alikolitoa. Tarantula hajulikani kuua mtu, lakini wa kwetu akikuuma utaita majina ya wazee wako, maumivu makali, uvimbe, wengine misuli inakaza kwa siku kadhaa. Osha na sabuni, weka barafu imefungwa kitambaa, vua pete kabla kidole hakijavimba, nenda zahanati. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba.

Na sikiza hapa, manake hili hukuuliza. Watu wanaumwa usiku gizani, wanasema "ni buibui" bila kumwona, wanalala. Kama hukumwona kwa macho yako, hesabu ni nyoka mpaka daktari aseme vingine, na uende usiku huo huo. Huku kwetu tuna swila na tuna bafe, bafe anakaa kwenye majani makavu hatoki hata ukimkanyaga. Watamu pale Bio-Ken, kituo cha nyoka, wamekaa na nyoka miaka mingi, watawaambia hayo hayo.

SWALI: Shekhe wetu Mambrui alitukataza kuua buibui kwa sababu ya yule wa pangoni aliyemficha Mtume. Je na tarantula naye anaingia?

JIBU: Mi si shekhe, rudi kwake. Nijuavyo, yule wa pangoni alitanda mlangoni, tarantula anatanda ndani ya shimo. Lakini kama hilo linakufanya uweke chini jiwe ulilolishika la kumpondea, mi sina neno.

SWALI: Wangu alikuwa hatoki shimoni, sasa anazunguka usiku kucha na hataki kula. Mgonjwa?

JIBU: Mtazame vile viguu viwili vifupi vya mbele karibu na mdomo, kama nchani vina uvimbe kama glavu za bondia, huyo ni dume amekomaa na anatafuta mke. Hana muda mrefu, pengine miezi, mwaka akijitahidi. Jike ndo wa miaka, wale wa Mexico wa magoti mekundu wanapita 20. Yaani ukimnunua leo, mtoto wako atakuja kuoa buibui yupo. Mlilifikiria hilo?

SWALI: Ami unatukataza kila siku, kwani wewe mwenyewe hufugi?

JIBU: Ninaye. Yuko nyuma ya choo cha nje, chini ya mnazi, shimo la upana wa sarafu ya shilingi ishirini limezungushiwa utando na vijani vikavu. Sikumleta, nimemkuta. Saa tatu usiku natoka na tochi, nimeifunga kitambaa chekundu ili isimtie hofu, nakaa kwenye kigoda changu kama hatua tatu. Kwanza unaona ncha za miguu miwili tu mlangoni, anasikiliza ardhi. Ukikohoa hayupo. Mende akipita hata humwoni akiruka, unaona mende alikuwepo na sasa hayupo, na jani moja linacheza.

Mke wangu anasema watu wataniona mwendawazimu nimekaa nyuma ya choo usiku. Tangu Jumapili hajatoka, mlango ameuziba na utando, nadhani anajivua ngozi. Kwa hiyo wanaotaka kuja kuangalia, wiki hii msije.