Maswali Yenu: BET ni ya nani?

SWALI: Shikamoo mama. Kaka yangu anashikilia kwamba BET, ile televisheni ya kebo ya Wamarekani weusi, inamilikiwa na weusi wenyewe. Mimi nimesikia iliuzwa zamani. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkweli ni wewe, ila kwa miaka 20 ya mwanzo kaka yako angekushinda.

BET ilianzishwa Washington na Robert Johnson na mkewe Sheila. Robert alikopa dola 15,000, na tajiri wa kebo John Malone akatia dola 500,000. Ikaanza kuruka tarehe 25 Januari 1980, muda wa saa mbili tu kwa wiki, Ijumaa usiku, ndani ya stesheni ya watu wengine. Na walifungulia nini? Filamu ya mwaka 1974 yenye kisa cha Wamasai! Mwaka 1983 ikawa stesheni kamili. Mwaka 1991 ikaingia soko la hisa la New York, kampuni ya kwanza iliyo mikononi mwa weusi kufika pale. Ndipo mwaka 2000 Viacom, kampuni kubwa ya habari na burudani, wakakubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 3. Leo iko chini ya Paramount, mrithi wa Viacom.

Nilisoma Washington miaka ya 90, nikapanga chumba kwa mama mmoja mweusi mwenye wavulana wawili. Aliniambia BET ilipoanza, mtaani kwao hata waya wa kebo haukuwa umefika, ingawa stesheni ilikuwa ya mji wao. Jumamosi hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya Teen Summit, kipindi cha vijana cha BET, kwisha. Vijana wa rika la wanawe walizungumza humo mambo ya Ukimwi, bunduki na shule, bila mtu mzima kuwakatiza. Yule mama hakuwa na subira na video za muziki, lakini kwa kipindi hicho alizima hata jiko.

Mwishoni mwa 2002 kilifutwa, pamoja na mazungumzo ya habari ya usiku. Johnson bado alikuwa kwenye kiti cha ukuu, kwa hiyo simtupii mnunuzi lawama zote. Lakini mimi naamini stesheni ikishakuwa tawi la kampuni kubwa, kipindi kisicholeta matangazo hukosa mtetezi. Yule mama alinipigia simu wiki ile. Wanawe walishakuwa watu wazima, na bado alikuwa analia.