Kiendelezi cha kuzuia tovuti kinaona nini, na kinapeleka wapi?

Ndugu uliyeuliza kama kiendelezi cha kuzuia tovuti, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinaweza kusoma barua pepe zako, kwa kuwa Chrome ilikuonya kwamba kitasoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote: kwa ruhusa hiyo, kinaweza. Kama kinafanya hivyo ni swali jingine, na jibu lake hulipati kwenye onyo wala kwenye sera ya faragha peke yake, bali katika kile kinachotoka kwenye kompyuta yako.

Nilipokuwa naandika tasnifu, niliweka kiendelezi kimoja cha bure kinifungie tovuti za kubeti tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kazi hiyo kiliifanya vizuri. Miezi kadhaa baadaye niliwasha hali ya msanidi programu, nikafungua dirisha la kukagua kiendelezi hicho, nikatazama sehemu ya maombi ya mtandao huku nikifungua kurasa mbalimbali. Kila ukurasa niliofungua, ombi moja lilikwenda kwenye seva nisiyoijua likiwa limebeba anwani nzima, hata ya ukurasa wa majibu yangu ya hospitali, na ndani ya anwani hiyo mlikuwa na namba yangu ya mgonjwa. Nilikiondoa palepale, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi yenyewe haihitaji hayo. Kulinganisha anwani na orodha ya tovuti ishirini ni jambo linaloanza na kuishia ndani ya kompyuta yako. LeechBlock, ninachokitumia sasa, nacho huomba ruhusa pana, lakini msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote kuusoma, na orodha hukaa kwenye kivinjari. Orodha hiyo nayo ni siri: anayeiona anajua kama unapambana na kamari, ponografia au mitandao ya kijamii. Kiendelezi kikiihifadhi kwa usawazishaji (sync), itafuata akaunti yako ya kivinjari hadi kwenye vifaa vyako vingine, pengine hata kompyuta ya ofisini.

Wala kukagua mara moja hakutoshi. The Great Suspender, kiendelezi kilichokuwa kikisitisha vichupo (tabs) visivyotumika, kiliaminiwa na watu wengi, kikauzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na msimbo hasidi.

Kwa hicho ulicho nacho, fungua maelezo yake kwenye ukurasa wa viendelezi, kisha ruhusu kifikie tovuti mahususi tu, yaani zile unazotaka kuzizuia. Hakitaweza tena kusoma yaliyomo kwenye barua pepe zako. Ila kama kilipewa pia ruhusa ya kusoma historia ya kuvinjari, bado kitaziona anwani za kurasa zote unazofungua, na hapo mimi ningekiondoa.