Insha za Kukariri: Jibu kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama uwakaririshe wanafunzi wako wa kidato cha nne insha za mfano za Kiingereza kabla ya mtihani wa Novemba, kwa kuwa wakiachiwa kalamu hawavuki sentensi ya tatu. Mimi ningeuliza kwanza wanaandikishwa kuhusu nini, maana siku zote nasema mtu huandika anachokijua.

Shangazi yako unamjua kwa biashara yake ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, lakini insha yake ya Kiingereza ya kidato cha pili hujaisikia. Alieleza jinsi mitumbwi inavyotoka na taa usiku wa giza ili dagaa wafuate mwanga, na jinsi wavuvi wanavyopumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa sababu taa haziwavuti dagaa tena. Mwalimu aliirudisha ikiwa nyekundu kuanzia juu hadi chini: baada ya kumtaja mjomba alikuwa ameongeza "he", yaani "yeye", kwa kuwa kitenzi chetu kwa kawaida hubeba kiambishi cha mtenda, mama aliyeanika dagaa alimtaja kwa nafsi ya kiume, kwa kuwa sisi hatutenganishi ya kiume na ya kike, na vile vineno vinavyotangulia nomino, "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina, havikuonekana kabisa. Kuhusu mbalamwezi mwalimu hakuandika lolote. Alimwamuru anakili insha ya harusi kutoka kitabuni. Nikikumbuka, bado naumia.

Lakini insha hiyo ya harusi aliikariri, na akafaulu. Basi siwezi kusema kukariri hakufai, hasa kwa mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo ni Kiingereza. Mfano mzuri humwonyesha namna ya kuanza aya na kuiunganisha na inayofuata. Hata hivyo, shangazi yako hakuandika tena jambo lake mwenyewe kwa lugha ile, na mtu huandika anachokijua. Hapo sirudi nyuma.

Ulimi unaniwasha nikuambie uvifungie kabatini vitabu vya mifano. Sitasema, kwa sababu darasa ni lako, na matokeo yakitoka wewe ndiye utakayetazamana na wazazi. Ila kabla hujaamua, waache wasimulie kwa Kiswahili kazi wanazozifanya nyumbani, kisha waziandike kwa Kiingereza, nawe usahihishe kosa la aina moja tu kwa kila zoezi. Halafu uniandikie walichokiandika.

Baba yako
Mwanza