“Amevaa” si “has worn”: kitenzi “wear” na mitego yake

Msomaji mmoja ameniletea malalamiko. Kwenye zoezi la kueleza picha aliandika “He has worn a white shirt and black trousers”, akapigiwa mstari mwekundu chini ya “has worn” na kukatwa alama. Hoja yake ni hii: mtu wa pichani amevaa, -me- ni hali timilifu, na hali timilifu ya Kiingereza hutengenezwa kwa “has” na “worn”. Sasa kosa liko wapi?

Hoja imepangika vizuri, na msahihishaji bado yuko sahihi. Kisa chote kimo kwenye -me- yetu, ambayo wengi waliikariri shuleni kwa maana moja. Ukisema “amekula”, unaeleza tendo lililokwisha. Ukisema ameketi, amesimama, amelala, amebeba, ameshika, amevaa, unaeleza hali aliyomo mtu wakati huu huu unapomtazama. Kiingereza hali za namna hii huzipa -ing: “is sitting”, “is standing”, “is sleeping”, “is carrying”, “is holding”, “is wearing”. Kwa hiyo mtu wa pichani “is wearing a white shirt”. Ukiandika “has worn”, umesema kwamba aliwahi kulivaa shati hilo siku zilizopita, na huenda sasa hivi liko kabatini. “I have worn this coat only twice”, koti hili nimelivaa mara mbili tu: hapo “have worn” imekaa mahali pake, na msemaji anaweza kuwa kifua wazi anapoitamka.

Mwenye kuelewa hapo amemaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni “anavaa”.

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa tendo la kuingiza mwili kwenye nguo na kwa hali ya kuwa nayo mwilini. Tunatofautisha kwa viambishi tu. Kiingereza kimetenga vitenzi viwili. Tendo ni “put on”, hali ni “wear”. Mtu anakuita mlangoni, nawe unafunga kamba za viatu: “Subiri, navaa viatu” ni “Wait, I'm putting my shoes on”. Ukimjibu “Wait, I'm wearing my shoes”, umemwambia viatu viko miguuni tayari, naye atashangaa unasubiri nini. Vivyo hivyo ukimwamuru mtoto avae viatu sasa hivi: “Put your shoes on.” Lakini kibao cha mahali pa ujenzi kinaandikwa “Wear a helmet”, na hakijakosea. Kibao hakisemi habari ya ile sekunde moja ya kutia kofia kichwani. Kinataka kofia ibaki kichwani muda wote uliomo ndani ya eneo.

Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi, maana huandikwa hata na watu wazima wenye vyeti: “put on” kutumika badala ya “wear”. Utalikuta kwenye maelezo ya mashahidi na matangazo ya watu waliopotea. “He was last seen putting on a blue shirt.” Mzungumzaji wa Kiingereza anayesoma hapo anamwona mtu ameingiza mkono mmoja kwenye shati, wa pili bado, kisha akatoweka. Sahihi ni “He was last seen wearing a blue shirt”. Unaweza pia kukwepa kitenzi kabisa na kutumia “in”: “a man in a blue shirt”. Hiyo “in” ni fupi na haina mtego wa wakati, na nashangaa wanafunzi hawaitumii zaidi.

Tupitie maumbo yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo alama zinapopotea. “Huvaa miwani” ni “He wears glasses”, tabia ya kila siku. “Amevaa miwani” ni “He is wearing glasses”. “Alikuwa amevaa miwani” ni “He was wearing glasses”. Usikubali “had worn” ikutongoze hapo, maana ni -me- ile ile imejificha nyuma ya “alikuwa”. “Hakuvaa kofia ngumu”, ukieleza ajali, ni “He wasn't wearing a helmet”. “Hajavaa”, kwa maana kwamba bado yuko na taulo, ni “He hasn't got dressed yet”. Na “Nivae nini kesho?” ni “What shall I wear tomorrow?”, kwa sababu swali linahusu utakavyoonekana siku nzima, habari ya kuvuta zipu haimo.

“Put on” ina masharti mawili. Kwanza, “on” haidondoshwi. “Put your jacket” ni sentensi iliyokatika. Msikilizaji anangoja umwambie aliweke wapi. Pili, ukitumia kiwakilishi, kinakaa katikati: “put it on”, “put them on”. Nomino ina uhuru wa kukaa pande zote mbili, “put on your jacket” au “put your jacket on”, lakini “put on it” haikubaliki katika maana hii. Kinyume chake ni “take off”, na kanuni ya kiwakilishi ni hiyo hiyo.

Na “dress”? Hiki kinafanana zaidi na kuvisha kuliko kuvaa, maana yambwa yake, yaani anayetendewa, ni mtu. “She dressed the child in a warm coat”, alimvisha mtoto koti zito. Nguo haifuati moja kwa moja baada ya “dress”, kwa hiyo “He dressed a suit” haifai hata kidogo, isipokuwa kama suti yenyewe ndiyo iliyovishwa. Tumia “get dressed” kwa kuvaa nguo zako zote, na “be dressed in” kwa hali. “Have on” nayo ni hali, lakini haipokei -ing: “She has a hat on” ni sawa, “She is having a hat on” si sawa. Dukani, ukitaka kupima kama nguo inakukaa, ni “try it on”.

Sasa tupanue uwanja. Kuna vitu ambavyo Kiswahili mara nyingi hakivivai, ila Kiingereza kinaviweka vyote chini ya “wear”. Sisi tunajipulizia manukato, tunapaka rangi ya mdomo, tunafunga mkanda wa gari, tunafunga tai, tunafuga ndevu. Kiingereza husema “wear perfume”, “wear lipstick”, “wear a seat belt”, “wear a tie”, hata “wear a beard”, ingawa hiyo ya mwisho ina harufu ya vitabuni na watu wengi husema “have a beard”. Nywele pia: “She wears her hair short.” Angalia kwamba hapa tunazungumzia hali tu. Tendo lina kitenzi chake: “fasten your seat belt”, “tie your tie”, “grow a beard”, “put on perfume”. Ndiyo maana ndani ya ndege wanakuambia “fasten” mkiwa mnajiandaa kupaa.

Kifaa cha kusaidia kusikia, meno bandia, lenzi za machoni, beji, saa, pete: vyote “wear”. Mkoba wa mkononi na mwavuli ni “carry”. Begi la mgongoni linakubali vyote viwili.

Hata uso unavaliwa. “He wore a worried look” inapendeza katika hadithi. Kwenye mazungumzo, “He looked worried” inatosha, na atakayetumia ile ya kwanza mbele ya kaunta ya benki ataonekana anasoma tamthilia.

Hapa wanafunzi wengi hufunga daftari, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa “wear” ina upande wa pili usiohusu nguo kabisa: kulika na kuchakaa. Pande hizi mbili hazikukutana kwa bahati mbaya. Nguo inayokaa mwilini kila siku inasuguana, na kinachosuguana hulika. Maana ya kuchakaa ilizaliwa ndani ya maana ya kuvaa.

Chukua kiatu kimoja tu, kitakufundisha vijineno vyote vinavyoifuata “wear” hapa. Nembo ya dhahabu iliyochapwa ndani ya soli laini ndiyo inayotangulia kufutika kwa kusuguliwa na mguu: “the logo has worn off”. “Off” ni kwa kilichokuwa juu ya kitu kikabanduka au kikaisha. Kisha kisigino kinalika, mara nyingi upande wa nje zaidi: “the heel is worn down on one side”. “Down” ni kupungua kimo. Soli inakuwa nyembamba chini ya kidole gumba: “the sole is wearing thin”. Siku moja maji yanaingia: “the sole has worn through”, imetoboka. Kiatu chote kikiwa hakifai tena, “it's worn out”. Kijineno kilichobaki, “away”, tukitafutie jiwe: ngazi za mawe zilizolika katikati kwa kukanyagwa miaka mingi “have worn away”. Hiyo ni ya mmomonyoko, kitu kupungua kidogo kidogo hadi umbo lake lipotee.

Ukikishika kiatu hicho, maana za mafumbo zinajifungua zenyewe. Ganzi ya daktari wa meno inapoisha nguvu, “it wears off”, kama ile nembo. Mtu anayekubembeleza na kukusumbua hadi ukakubali usilolitaka “has worn you down”, amekupunguza kimo. Kisingizio kilichotumika mno, au subira inayokaribia kwisha, “is wearing thin”. Mtu aliyechoka hoi “is worn out”. Shughuli yenye kuchosha inaitwa “wearing”. “Weary” pia ni uchovu, lakini ina mzizi wake mwingine, haikutoka kwa “wear”. Kufanana kwao kusikufanye uandike “weary” pasipo na mtu aliyechoka.

Muda nao una lake: “as the day wore on”, kadiri siku ilivyosonga. Itumie kwa muda unaokwenda taratibu au unaochosha. Sherehe tamu iliyopita kama upepo haistahili “wore on”.

“Wear out” inakwenda na yambwa au bila yambwa: “The tyres wore out”, “He wore out the tyres”. Kiwakilishi kikiingia kinakaa katikati tena, “He wore them out”. “Wear off” ya dawa haina yambwa kabisa, kwa hiyo usiandike “The drug wore off the pain”. Sema “The effect wore off” au “The pain wore off”. Betri pia huwachanganya watu. Chaji ikiisha, “the battery has run out” au “is flat”, ukichaji inarudi. “The battery is worn out” ni betri iliyochoka yenyewe, hata uichaji usiku kucha haikai na umeme.

Kwenye mikataba ya kupanga nyumba utakutana na “fair wear and tear”. Maana yake ni uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi ya kawaida: rangi ya ukuta iliyofifia, zulia lililolala kwa kukanyagwa. Kwa kawaida mpangaji hadaiwi hayo. Tundu la moto wa pasi kwenye zulia hilo hilo ni “damage”, na atalilipia. Dhamana za bidhaa nazo hupenda kuutoa uchakavu huo nje ya fidia, kwa hiyo soma kipengele hicho kabla ya kutia saini. Ni umoja siku zote; hakuna “wears and tears”.

Umoja huo huo unatawala maneno kama “footwear”, “sportswear” na “underwear”. Hayahesabiki. “Three underwears” ni kosa. Useme “three pairs of underwear”. Na yasichanganywe na yale ya “-ware”, kama “software” na “hardware”, ambayo ni ukoo mwingine, ukoo wa bidhaa na vyombo.

Misemo ni mingi, ila ujihadhari na mipaka. Mwanandoa mwenye kauli ya mwisho nyumbani, Uingereza husemwa “wears the trousers”, Marekani “wears the pants”. Ukimpelekea Mwingereza hiyo ya pili, atawaza chupi. Mwenye majukumu mengi “wears many hats” pande zote mbili. Waingereza pia husema “She won't wear it” wakimaanisha hatalikubali jambo hilo; ifahamu ukiisikia, lakini usiitumie kwenye barua ya kikazi.

Maumbo ya wakati ni “wear, wore, worn”, sawa na “tear, tore, torn” na “swear, swore, sworn”. Hapo kale kitenzi hiki kilikuwa na kiishio cha kawaida, kikaja kuiga jamaa zake hao, lakini leo “weared” haipo.

Kimebaki cha sikio. “Wear” hutamkwa kama “where” kwa wasemaji wengi, na hupata vina na “bear”. Haisikiki kama “near”. “Were” ni sauti nyingine. “Wore” husikika kama “war”, na “worn” kama “warn”, ndiyo maana kwenye imla watu huandika “I was worn about the dog” wakitaka kusema walionywa. Onyo ni “warned”, lina d mwishoni, na d hiyo inatamkwa.