Besi yavuma mlangoni, kitini haipo

Kakangu, unasema besi inavuma mlangoni lakini ukikaa katikati ya chumba huisikii. Sabufa yako, hiyo spika ya besi, haina kasoro, tatizo ni chumba. Nyumba zetu za mawe hapa Lamu vyumba ni vyembamba, upana hufuata urefu wa boriti. Chumba cha upana wa mita 2.8 huivimbisha sauti nzito ya hezi 61 hivi (mitetemo 61 kwa sekunde) kwenye kuta na kuimeza katikati. Iweke sabufa pale unapokaa, piga wimbo wenye besi nzito, kisha tambaa kwa magoti ukiambaa ukuta, sikio chini. Besi inaposikika safi, noti kwa noti, ndipo pa kuiweka. Mimi nilipapata kando ya kabati, wala si konani. Mikeka na mito haitakusaidia kwa besi.