Dada wa Kimara, usibane pembeni

Naandika makala hii kwa mkono mmoja na nusu. Kifundo cha mkono wa kushoto kiliteguka, hii ni wiki ya tatu, na kila nikibonyeza herufi A nakumbuka Shekilango. Nitafika huko.

Kilichonikalisha chini ni ujumbe wa msomaji, dada anayekaa Kimara, hapa Dar, na kufanya kazi Posta, katikati ya mji. Amenunua baiskeli ya mtumba, zile za Kijapani zenye kikapu mbele. Aliandika: "Kaka, ninayo ndani wiki ya pili, nyumbani wote wananitisha. Wewe unawezaje?" Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi. Nikamjibu kwa mbwembwe zangu: dada, hakuna cha kuogopa, jioni nakuandikia kila kitu. Jioni hiyo hiyo nikaanguka.

Najua wengi mnaopita hapa mna ndoto kama ya huyu dada. Kuachana na foleni, kupunguza kitambi, kufika kazini bila kupumuliwa shingoni na mtu usiyemjua. Mimi ndoto hiyo naiishi tangu 2019. Kutoka Kimara hadi mjini ni kama kilomita 15, asubuhi sehemu kubwa ni mteremko, jioni ule mlima wa kutoka Ubungo unakudai ulichokula mchana. Mvua kubwa ikinyesha, baiskeli inalala na mimi napanda basi la mwendokasi kama raia wengine. Siku nyingine zote niko kwenye pedeli, na sitaki kujidai, ila suruali nilizovaa nikiwa na miaka 25 zinanitosha.

Kuendesha sikujifunzia Dar. Nimekulia Shinyanga, na Shinyanga baiskeli ina heshima zake. Mzee wangu alikuwa na Phoenix nyeusi, Jumamosi inaoshwa, cheni inapakwa oili, mtoto haigusi. Tulijifunza kwa kuiba wakati amelala mchana, mguu umepenyezwa chini ya bomba la fremu kwa sababu hatukufika kwenye siti. Kule mtu anabeba mke, mtoto na debe la mahindi kwenye keria, na anaokutana nao njiani wanamsalimia. Hata abiria hubebwa kwa baiskeli na kulipa nauli. Kwa hiyo nilipokuja Dar nikidhani najua baiskeli, kilichonishinda haikuwa kuendesha. Ilikuwa dharau.

Kabla ya kuhamia ofisi za mjini nilifanya kazi Chang'ombe, na kutoka Ubungo nilikuwa nashika Barabara ya Mandela. Anayetaka kujua maana ya kudharauliwa barabarani apite Mandela na baiskeli. Malori ya makontena ya bandarini yanakupita karibu mpaka upepo unakusukuma kwanza, halafu unakuvuta. Abiria anamenya chungwa dirishani, ganda ni lako. Na ile kelele, "Oyaa, mkaa bei gani?" Nimevaa shati limepigwa pasi, begi la kompyuta mgongoni, bado mimi ni muuza mkaa. (Muuza mkaa mwenyewe, nimjuavyo, anapakia magunia ambayo wewe usingeyainua, na anateremka nayo hadi mjini kwa breki moja. Kama ni tusi, basi sijui sifa ikoje.)

Mandela nilibana pembeni, kama tunavyofanya wote tukiogopa. Kila wiki pancha. Siku moja fundi mmoja wa Buguruni alichovya tyubu kwenye beseni, mapovu yakatoka sehemu tatu. Akapitisha kidole ndani ya tairi, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Akasimama, akachukua koleo, akachomoa kitu ambacho sikukiona mpaka alipokiweka kwenye kiganja changu: kipande cha waya, chembamba karibu na unywele, kimepinda kidogo. Akanieleza kuwa hizo ni nyaya za ndani ya matairi ya malori. Tairi likipasuka, mabaki yanasagwa na magari, nyaya zinatawanyika, halafu upepo wa magari unazisukumia ukingoni pamoja na mchanga, misumari na vipande vya chupa. Akaniuliza, "Wewe unapita wapi?" Nikamwambia pembeni kabisa, fundi, nawapisha wakubwa. Akacheka: "Ndiyo maana mimi nakula."

Tangu siku hiyo napita kama mita moja kutoka ukingoni. Ukinisahau kwa yote mengine, dada wa Kimara, hili lishike. Ukibana pembeni dereva anaona nafasi ya kupenya bila kugusa usukani, na anapenya, na shimo likitokea mbele yako huna pa kukimbilia. Ukikaa mita moja ndani, analazimika kuamua: akupite kwa kuhama njia, au asubiri. Atapiga honi. Apige. Aliyekupigia honi amekuona, na mimi huwa namwogopa zaidi yule asiyepiga.

Daladala lina somo lake. Likiwa mbele yako usisubiri taa ya kushoto, huenda haiwaki tangu mwaka juzi. Msikilize konda. Ukisikia "Shusha!" na kiganja kikigonga bodi, shika breki hapo hapo, maana dereva atachomoa kuelekea kituoni bila kukujua, na abiria wataanza kuruka kabla gurudumu halijasimama. Usijaribu kupenya kati ya daladala na kituo. Nilishawahi. Nilimkumbatia mwalimu mmoja na madaftari yake yote.

Lori likiwa linakata kushoto, kaa nyuma yake, hata kama una haraka ya namna gani. Pale Ubungo, chini ya Daraja la Kijazi, magari yanayochepuka kwenda Sam Nujoma yanakuja na kasi waliyoitoa Kimara, na wewe unanyoosha kwenda mjini. Mimi hapo nageuza shingo mara mbili, natoa mkono wa kulia uonekane kabisa, na siku ambayo moyo hautaki nashuka nasukuma. Hakuna aliyewahi kunicheka. Hata angenicheka.

Lakini mnajua kilichoniuma kuliko malori yote? Mlinzi. Niliitwa kwenye kikao kwenye jengo moja mjini, jengo zuri, vioo mpaka mawinguni. Nimefika dakika 20 kabla, nimejifuta jasho, nimetoa suruali ndani ya soksi. Mlinzi akaangalia baiskeli, akaniangalia, akasema kwa upole kabisa: "Kaka, wa maziwa mnapitia mlango wa nyuma." Hakunitukana. Alidhani ananisaidia. Nikaifunga baiskeli kwenye nguzo ya taa nje ya uzio, na kikao chote nilikuwa nachungulia dirishani kama mama aliyeacha mtoto sokoni. Ni miaka mitatu sasa na bado nalipanga jibu ambalo ningempa.

Halafu Jumapili asubuhi nawaona wenzetu wanaoelekea Bagamoyo, ishirini, thelathini, kofia ngumu, nguo za kubana, baiskeli za bei ya pikipiki. Magari yanawapisha kwa adabu, watoto wanawapungia. Sina ugomvi nao, baadhi ni marafiki zangu. Ila huyo dereva aliyewapisha Jumapili ndiye Jumatatu atakayemmiminia honi muuza madafu mwenye uzito mara tatu ya wao. Barabara ile ile, magurudumu mawili yale yale. Watu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wamekuwa wakidai njia za baiskeli hapa Dar kwa miaka, na nawaheshimu, lakini njia peke yake haiondoi jicho hilo.

Na njia zenyewe tunazo kiasi. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 tulipata na njia ya pembeni, ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mimi nilishangilia kama mtu aliyepewa kiwanja. Leo ukipita pale unakuta gari limeegeshwa, fundi viatu ametandika, chemba moja haina mfuniko bali tawi la mti lililochomekwa kama onyo, wanafunzi wanne wamejipanga mstari mmoja kama gwaride na wawili wana vitu masikioni. Machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021, wengi wao wamesharudi, na siwalaumu, wateja wako pale. Halafu bodaboda. Bodaboda anayekuja kinyume, jioni, taa kali machoni, kwenye njia ambayo hakuwekewa. Kama kuna kitu kinaweza kunitoa kwenye ibada, ni hicho.

Sasa Jumanne. Saa 12 na nusu jioni, natoka mjini, nimepita Urafiki, nakaribia Shekilango. Giza linaingia. Nina hasira tangu Magomeni kwa sababu bodaboda wawili walishanitoa njiani, na nimejiapiza kuwa wa tatu simpishi. Nina kasi. Nilijua nina kasi, watu walikuwa wanaruka pembeni nikipiga kengele, na sitawadanganya, nilisikia raha. Wa tatu akatokea, amebeba abiria na begi kubwa katikati. Nikakaza. Naye akakaza. Sekunde ya mwisho mimi nikavuta kushoto, na kushoto alikuwepo kijana wa mayai ya kuchemsha.

Bodaboda hakusimama. Mimi nilikuwa chini, mkono umetangulia, gurudumu la mbele bado linazunguka, na mayai yanateremka kwenye saruji moja moja, mengine yamevuliwa ganda nusu, kachumbari imenimwagikia shingoni, pilipili imeingia kwenye mchubuko. Watu wakajaa. Nikaanza kueleza kwa sauti habari za bodaboda, kwamba hii ni njia yetu, yangu na yako, kijana, wao ndio wavamizi. Kijana alikuwa amechuchumaa anakusanya. Akaniambia bila hata kuinua kichwa: "Braza, wewe na bodaboda mna tofauti gani? Yeye ana injini tu."

Akahesabu. Mayai 22, shilingi 500 kila moja. Hata yale ambayo hayakupasuka aliyahesabu, maana nani atanunua yai lililotoka chini? Elfu 11. Nililipa kwa simu, kwa mkono wa kulia, mbele ya watu wote, na namba ya siri nilikosea mara mbili.

Ndugu zangu, tuelewane. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaandikia habari za madereva wanavyotudharau, na kila nilichoandika ni kweli. Ila mtu anayetembea kwa miguu kwenye ile njia, mimi kwake ndiye lori la kontena. Ndiye upepo unaomsukuma na kumvuta. Kengele yangu kwake ni honi. Hatuwezi kulalamika Mandela halafu tukafika Manzese tukawa watemi wa kina mama wenye ndoo kichwani. Punguzeni mwendo kwenye njia ya watu. Ukitaka kasi, ingia barabarani, mita moja kutoka ukingoni kama nilivyosema, ukapambane na wenye ukubwa wako na zaidi. Bodaboda akija kinyume, simama, weka mguu chini, apite na dhambi zake. Nasema haya nikijua nimeyasema nikiwa na bendeji.

Kwa hiyo dada, jibu lako ulilolisubiri wiki tatu. Nunua taa ya nyuma kabla ya kitu kingine chochote, inayomweka, na uiwashe hata alfajiri. Kofia ngumu, ndiyo. Pampu na viraka kwenye kikapu. Ondoka saa 12 kasorobo asubuhi, barabara ikiwa bado ina ubinadamu. Wiki ya kwanza ishia Ubungo, baiskeli uifunge sehemu unayoiamini, upande mwendokasi. Usibane pembeni, nimeshasema. Na ofisini kwako muulize mlinzi mapema ataiweka wapi, usije ukapelekwa kwenye maziwa.

Mimi nimerudi barabarani Ijumaa iliyopita, daktari hajui. Kijana wa mayai bado yuko pale pale Shekilango. Nikimkaribia nashuka, nasukuma, na yeye anakumbatia trei lake kifuani anauliza, "Braza, leo unanunua au unamwaga?"

Nanunua mawili. Kachumbari namwambia aweke pembeni.