Umeitwa kurithi maiki ya mtu maarufu? Uliza kii kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuimba bendi, hasa nyie wa roki, ipo siku utapigiwa simu usiku uambiwe mwimbaji wetu kasepa, njoo mazoezini kesho. Mimi ilinikuta, jamaa alipata dili Dubai nikaingia bendi ya kopi, ya kupiga nyimbo za watu, hotelini na kiherehere changu, nikaimba kila kitu kwenye kii ya mwenzangu, yaani juu au chini kulingana na sauti yake siyo yangu, wiki ya pili sauti ikakata nikawa naagiza chai kwa ishara.

Mcheki Blaze Bayley. 1994 kaingia Iron Maiden, bendi ya roki nzito ya Uingereza, kumrithi mwimbaji Bruce Dickinson, sauti yake nzito, ya chini, halafu kila shoo anatakiwa apande kwenye nyimbo za Dickinson ambazo ziko huko darini. Albamu 2, 1999 katoka na Dickinson karudi. Wanaosema hajui kuimba mi nawakatalia, alivalishwa tu shati la kipimo cha mtu mwingine.

Brian Johnson wa bendi ya roki AC/DC je? Mwimbaji wao Bon Scott kafariki Februari 1980, Julai mwaka huohuo albamu ya Back in Black iko madukani, nyimbo mpya tupu na maneno kaandika Johnson, sasa utamlinganisha na marehemu wapi? Na kwenye majaribio aliimba mpaka wimbo wa Ike na Tina Turner, kajileta yeye kama yeye.

Kwa hiyo kabla hujakubali omba listi ya nyimbo, kaa na mpiga gitaa mzipitie zote, inayokubana shusha nusu toni au toni nzima. Atanuna maana nyuzi tupu, zile anazopiga bila kuzibana kwa kidole, zinampotea, mwambie alegeze gitaa zima, hafi mtu. Halafu omba hata wimbo mmoja mpya uwe wako.

Kuiga sasa, hapana. Adam Lambert yuko na bendi ya Queen miaka yote hii hajabandika sharubu za Freddie Mercury, mwimbaji wao marehemu, Freddie wetu wa Unguja anatokea kwenye skrini, watu wanampigia kelele, shoo inaendelea.

Mashabiki nao uwavumilie. Kuna mzee alikuwa anakaa meza ya mbele kila Ijumaa, ananiuliza yule kijana anarudi lini, namjibu vizuri tu shikamoo mzee, bado yuko Dubai, mwezi wa tatu akaacha kuuliza akaanza kuomba nyimbo.